Kiti kilichofumwa cha kusomwa kwa mikono: kinabonyea, na mzee ameshanasa humo

Mfumaji_Ujiji

Wakuu, habari zenu. Wakubwa shikamooni. Swali langu ni refu kidogo, mnivumilie.

Mimi nafuma vitambaa vya makochi hapa Ujiji tangu mwaka 1998. Ukiingia sebule ya mtu wa huku ukakuta kochi limevalishwa vitambaa vyeupe vya mananasi mpaka mgongoni, huenda ni mkono wangu au wa binti niliyemfundisha. Masweta pia nafuma, kwa sindano mbili, ila kwa joto la hapa wateja wangu wa sweta ni wale wanaopanda kwenda Kasulu.

Nina mtoto wa mdogo wangu, miaka 8, haoni tangu kuzaliwa. Ni mwanangu huyo, ananiita mama mkubwa. Mwaka jana Ramadhani ilipokaribia nilivua vitambaa vyote nikavifua, na wakati wa kurudisha nikavichanganya, cha kochi la dirishani nikakiweka la mlangoni. Jioni mtoto kaingia, kagusa mkono wa kochi, kasimama. "Mama mkubwa, nani kahamisha makochi?" Hakuna aliyehamisha. Nikanyamaza nimwangalie. Akapitisha vidole taratibu, akawa anaingiza cha shahada kwenye tundu moja moja, midomo inacheza kama anayehesabu tasbihi. Akasema, "Hiki ni cha dirishani. Kina mananasi matano, moja limeliwa."

Nikaenda kutazama. Kweli, kuna nanasi moja niliruka mstari, mwaka ule nilikuwa nafuma huku nauguza. Wageni wangapi wameegemea kitambaa kile, wamekisifia, hakuna aliyeliona. Na mimi mwenyewe nilishasahau.

Usiku ule sikulala vizuri. Miaka yote hiyo nimefuma kwa ajili ya macho ya wageni, sijawahi kumfumia mtu wa kusoma. Nikaamua kumtengenezea kiti kizima cha kusomwa. Na nisieleweke vibaya, sitaki kifaa cha hospitali. Nataka kitu cha sanaa, nikiweke uani, hata mtu mwenye macho yake mawili aje akae, afumbe macho, aulizwe "uko wapi?" Pale mwanangu ndiye awe mwenyeji na sisi tuwe wageni.

Fundi seremala akanichongea fremu ya mninga kwa 45,000: kikalio sm 48 kwa 45, urefu kutoka chini sm 38, mgongo umelala kidogo, mikono miwili mipana ya kutosha kiganja. Ndani ni wazi kabisa, hakuna ubao wala mikanda, maana nilitaka kufuma ndiko kubebe. Nikafuma miezi miwili. Mgongoni niliweka milima, misuko minene iliyopishana kama nywele za twende kilioni. Kwenye kikalio nikaweka ziwa, ufumaji laini mtupu, uzi wa bluu. Mkono wa kulia reli, kila baada ya mistari sita nikapitisha kijiti cha mwanzi ndani ya ufumaji, ukipitisha kiganja unahisi mataruma. Mkono wa kushoto vitanzi virefu vya fulana za mitumba nilizochana vipande vya vidole viwili, hiyo ndiyo nyasi. Na kandokando ya kikalio nundu, nundu, nundu, ndiyo mawe ya ufukweni. Ramani ya Kigoma nzima.

Kilipendeza, nisijisifu bure. Jumapili baba yangu kaja kunisalimia, ana miaka 74 na si mzito hata kidogo. Kakiona, kafurahi, kakaa. Kikamla. Kilishuka taratibu kama lifti, magoti yakapanda kifuani, kofia ikamfunika macho, na zile nundu zikamkaba mapajani. Tulimtoa watu wawili. Tangu siku ile anakiita mtego wa panya, na akija anaomba jamvi.

Kesho yake nikapima: kikalio kimebaki kimebonyea sm 11, hakirudi. Uzi ni ule wa dukani tunaouita sufu.

Naombeni ushauri. Kisibonyee nifanyeje, bila kuweka ubao mgumu uliokufa? Nundu zinaumiza ila ndizo mtoto anazipenda kuliko vyote. Na ningependa kiti kitoe sauti kikiguswa, ila umeme wetu mnaujua na mfuko wangu mnaukisia. Nawasilisha.

Nasubiri_Hapa

Ngoja nikae kwenye stuli yangu ya plastiki niwasubiri wajuzi. Ila mama, kwa hilo la kofia umeniua.

Karabai

Dada wa Ujiji, nimecheka na mimi, mzee anisamehe. Nipo Kibirizi, usiku navua dagaa, mchana nashona nyavu. Hilo tatizo naliona hata bila picha.

Kitambaa chako ni vitanzi vitupu. Kitanzi kimeshikwa na kitanzi mwenzake, fundo hakuna hata moja. Mtu akikaa katikati, kitanzi cha katikati kinanyooka, kinakopa uzi kwa jirani, jirani naye anakopa kwa jirani yake, mkopo unakwenda mpaka kwenye mbao. Ndiyo maana katikati panazama na pembeni panabana. Mzee hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye deni.

Wavu haukopeshi. Kila jicho limefungwa fundo lake, likivutwa linagawa mzigo ila halimpi jirani uzi. Kwa hiyo fumia wavu chini, ufumaji wako ukae juu yake kama nguo. Wavu ubebe, nguo isomwe.

Lakini angalia jambo moja ambalo wengi wanakosea. Wavu ukiutundika macho yakakaa mshazari, kama almasi ya kwenye karata, ukivuta kwa urefu macho yanafumba na upana unapotea. Nao utabonyea, pengine kuliko huo wa kwako. Ugeuze macho yasimame mraba, pande za jicho ziende sambamba na mbao za fremu. Hapo kila uzi unavuta moja kwa moja kutoka ubao huu hadi ule. Macho yasizidi inchi moja na nusu. Usitumie uzi wa plastiki ule mmoja mmoja unaong'aa, unakata ngozi. Tumia nailoni iliyosokotwa, nene kama njiti ya kiberiti, na funga kwenye mbao kila inchi. Nailoni nayo ina kulegea kwake, hasa ikilowa, kwa hiyo uvute mpaka ukigonga kwa kidole ulie kidogo. Baada ya wiki ukaze tena.

Wala usinunue sindano ya nyavu. Mbalamwezi ikiwaka hatuingii ziwani, dagaa hawafuati taa zetu, tunakaa mchangani tunashona. Njoo na fremu yako, kazi ya saa mbili. Wakati ziwa limepumzishwa miezi mitatu mwaka 2024, nilishona machela sita za kulalia, na hakuna mtu aliyenaswa.

Sweta_za_Shule

Nipo Tabora mjini, nina mashine ya mkono, nafuma masweta ya shule. Karabai amesema kweli kuhusu wavu, mimi niongeze ya nguo yenyewe.

Dada, ulifuma kipande cha majaribio? Nahisi hukufuma, maana sisi wazoefu ndio wavivu wa hilo. Kwa kazi ya kuvaliwa unaweza kukisia. Kwa kazi ya kukaliwa, fuma kipande cha sm 20 kwa 20, kitundike ukutani, ning'iniza kilo mbili za mchele usiku kucha, asubuhi toa mzigo upime. Kitakwambia tabia yake yote.

Pili, ufumaji wa sindano unavutika zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Chukua sweta yoyote uivute uone. Wewe nadhani ulianza mbele ya kikalio ukafuma kuja nyuma, upana ukaenda kulia na kushoto, na hapo kwenye upana ndipo mzee alipozama. Na ziwa lako umelifuma laini tupu, ambalo ni jepesi kuvutika na kingo zake zinapenda kujikunja. Rudia kwa mshono wa mtama, ule wa mbele mmoja nyuma mmoja, mstari unaofuata unabadilisha. Unatulia, haukunji kingo. Halafu fuma kidogo kuliko fremu: kama fremu ni sm 48, nguo iwe 42, uivalishe kwa nguvu.

Misuko ya mgongoni inakula upana. Mimi mishono 60 iliyonipa sm 30 ikiwa wazi ilitoka 22 nilipoweka misuko minne. Hesabu kabla.

Sasa hiyo "sufu". Hiyo si sufu dada, ni akriliki. Chomoa uzi mmoja uchome nje ya nyumba: nywele za kondoo zinanuka kama nywele na kuacha majivu yanayosagika, akriliki inayeyuka inakuwa tone jeusi gumu. Likimdondokea mtoto linaganda kwenye ngozi. Kwa hiyo kiti kikae mbali na jiko, na mshumaa usisogee. Kurudi kwenye umbo, sufu ya kweli inarudi vizuri zaidi, pamba hairudi kabisa, akriliki iko katikati. Sufu ya kweli unaipata kwenye masweta ya mitumba. Tafuta yale mazito ya wanaume, kagua lebo, fumua, nyosha uzi kwa mvuke. Sweta mbili kubwa zinatosha kikalio.

Mwisho, hakuna aliyelisema, nalisema mimi: kunguni. Kiti chenye vitanzi na nundu ni hoteli. Fanya nguo yote ivuliwe, vifungo chini, ifuliwe na ianikwe juani kila wiki. Usipofanya hivyo sanaa yako itasomwa na wadudu.

Binti_wa_Mwanga

Shikamoo mama. Mimi ni wa Mwanga hapo hapo Kigoma, nasoma ubunifu Dar. Nimeona niweke mambo ambayo yatakupa moyo.

Kuna Mholanzi anaitwa Marcel Wanders, mwaka 1996 alitoa kiti cha kamba iliyofungwa mafundo. Kamba yenyewe ilikuwa ya aramidi, nyuzi imara sana za kiwandani, yenye kaboni ndani, akaichovya kwenye gundi ya epoksi, akaining'iniza ikauke. Uzito wake wenyewe ukaipa umbo, ikakakamaa, ikawa kiti kinachokalika huku kinaonekana kama wavu unaoelea. Mafundi wa boti wana gundi za namna hiyo. Lakini mimi nakushauri usiende huko. Kiti kile kinadanganya macho: unakiona laini, ukikigusa ni kigumu. Chako ni cha mtu ambaye hawezi kudanganywa kwa njia hiyo.

Anayekufaa ni Toshiko Horiuchi MacAdam, Mjapani aliyehamia Kanada. Alikuwa anafuma kazi kubwa za maonyesho, za kutazamwa. Siku moja watoto wakaingia ukumbini wakapanda juu ya kazi yake, ikaanza kubembea. Badala ya kukasirika, akabadilisha maisha: akaanza kufuma viwanja vya kuchezea watoto, kwa kroshia, kwa nailoni, watoto wanaingia ndani wanarukaruka. Kimoja aliweka kwenye jumba la makumbusho la wazi la Hakone, Japani. Mama, wewe na yeye ni hadithi moja. Yeye watoto walipanda, wewe mtoto alihesabu mananasi.

Na pua usiisahau. Mbrazili Ernesto Neto hujaza viungo, karafuu na manjano, ndani ya nguo zinazovutika akazining'iniza, unaingia kwenye kazi unainusa. Nundu zako zina tumbo ndani.

Mfumaji_Ujiji

Marahaba mwanangu. Asanteni wote, nimeandika kwenye daftari. Sweta_za_Shule, umenishika: kipande cha majaribio sikufuma. Hilo la kunguni nalo limeniwasha mwili mzima nikiwa nasoma.

Karabai, mbalamwezi hii nakuja na fremu begani.

Binti, karafuu nimeipenda. Nilikuwa nafikiria kuweka harufu ya mawese, mdogo wangu kanizuia, kasema nitapata kiti cha rangi ya chungwa na sisimizi wa Kigoma nzima.

Waya_Mwekundu

Upande wa sauti nijibu mimi, natengeneza redio na simu.

Njia ya kisasa ipo. Kuna uzi unaopitisha umeme, una chuma cha pua au fedha ndani yake, unaufuma pamoja na uzi wa kawaida. Unaunganisha na kadi ndogo ya kuhisi mguso, MPR121, hiyo moja inasikia sehemu 12, nayo inazungumza na Arduino, kompyuta ndogo ya kuprogramu, na hiyo ikiwekewa kipande cha sauti inacheza sauti ulizorekodi. Inakula volti 5, pawabenki ya simu inaiendesha. Hata ufumaji wenyewe ukivutika umeme unaopita hubadilika, kwa hiyo kiti kinaweza kujua kama kimekaliwa na mtoto au na mzee. Marufuku kwangu ni moja: usiunganishe kitu chochote cha kiti na umeme wa ukutani. Betri tu.

Hayo nimeyasema ili usiseme sikukwambia. Ungekuwa mteja wangu ningekwambia uache. Mikono ya watoto ina jasho, unyevu wa ziwa unapanda, sehemu moja itajigusa yenyewe itapiga kelele saa nane ya usiku. Na unafua kila wiki! Sauti iliyorekodiwa tena ni ileile kila siku, mtoto anaichoka Jumatano.

Weka kayamba. Kifuko chembamba, ndani punje za mtama au mbegu kavu, kimoja uweke mchanga mkavu, kingine makombe madogo ya ufukweni. Bonyeza polepole kinasema polepole, kandamiza kinapiga kelele. Hakuna programu itakayokupa hicho. Njuga moja, sehemu moja tu ya siri. Ukiweka njuga kumi ni punda wa harusi.

Mwl_Mstaafu

Nimefundisha watoto wasioona miaka 26. Sasa nipo Tabora, nafuga nyuki. Nimesoma yote, mafundi mmesema vizuri, ila naona kuna kitu kimepita pembeni.

Binti yangu, umefuma ramani ya Kigoma. Ramani ni nini? Ni mji unavyoonekana na ndege. Ziwa ni bapa, la bluu, liko chini. Milima iko nyuma. Nani ameyaona hayo? Wewe. Mwanao hajawahi kuwa ndege, hata kwa kuhadithiwa picha. Ukimwambia "hapa laini ndipo ziwa" atakubali kwa sababu anakupenda, atakariri kama anavyokariri mji mkuu wa nchi asiyoijua. Kwake yeye huenda ziwa si laini hata kidogo. Umewahi kumuuliza ziwa likoje?

Nilifanya kosa hilohilo mwaka wangu wa kwanza. Nilichonga twiga wa mbao, mzuri kweli, nikampa mtoto. Akampapasa, akasema, "Nimeelewa mwalimu, twiga ni mdogo na hana joto."

La pili, usizidishe. Mwenye macho anatazama kiti chote kwa mara moja. Mwenye vidole anasoma kipande kwa kipande, anajenga kichwani. Ukimpa miguso kumi iliyosongamana, anapotea. Minne inatosha, itofautiane kama usiku na mchana, na kati yake weka sehemu tupu ya kupumzisha vidole. Wala isiwe mikubwa. Nukta za breli zimeachana takriban milimita 2.5 tu, na mtoto wa miaka 8 anasoma hadithi humo. Kidole kinachohesabu mananasi kwenye uzi mweupe hakihitaji nundu za ukubwa wa limau.

Nundu zihame kutoka mapajani, ziende pale mikono inapofika mtu akiwa amekaa: upande wa nje wa mikono ya kiti, na chini ya ukingo wa mbele. Watoto wanapenda kukuta kitu chini ya ukingo, pale pasipoonekana. Nimeona meza nyingi za darasani.

Na kama unataka watoto wengine waje, wapo wenye usonji ambao mguso fulani unawachoma kama moto. Mtoto asisukumwe. Mkono mmoja wa kiti uachwe mtulivu.

Mfumaji_Ujiji

Shikamoo mwalimu. Sikukujibu siku ile kwa sababu ulinikata maneno. Sasa zimepita wiki sita, naleta mrejesho.

Nilimuuliza. Tulikuwa tunachambua maharage. Nikamwambia, nieleze ziwa kama vile mimi silijui. Akafikiri, akasema: "Ziwa ni baridi ya miguu. Halafu ni kelele ya kushoto tukienda kwa bibi, na tukirudi ni kelele ya kulia."

Niliacha maharage. Kwa bibi yake tunapita ufukweni tukielekea kaskazini, ziwa linakuwa kushoto. Tukirudi linahamia kulia. Mimi kwangu ziwa liko magharibi, halijawahi kuhama. Kwake linabadilisha mkono kila safari. Ramani yangu yote ikafa pale pale, kwenye ungo.

Nikafumua. Kikalio chote, mkono wa nyasi, nundu zote. Mgongo nikaubakiza, nitasema kwa nini.

Nikaenda Kibirizi mbalamwezi ilipowaka. Karabai amesema saa mbili, zilikuwa tano, maana wavuvi wengine walikuja kila mmoja na shauri lake na fremu ikazungushwa kama maiti. Wavu umesimama mraba, umelia ulipogongwa. Tuliujaribu kwa gunia la mahindi la kilo 50, ukashuka kama vidole viwili, ukarudi. Baada ya wiki nimeukaza mara moja.

Nguo ya juu ni sweta mbili za mitumba, za wanaume, za kijivu, sufu ya kweli, nilizichoma nyuzi kuhakikisha. Nimefuma kwa mshono wa mtama, nikiwa nimepunguza sm 6. Kipande cha majaribio kilining'inia na mchele, ndiyo, na panya wakaula mchele, wakafurahi.

Ziwa sasa ni kifuko. Kirefu kama mkate wa boflo, kimefumwa kwa uzi wa nyavu uliobaki, ndani kina makombe na mchanga mkavu, kimeshikwa na vifungo vitatu. Kinakaa mkono wa kushoto tukienda kwa bibi, na mkono wa kulia tukirudi. Mwenyewe anakihamisha. Akikaa anatangaza, "Tunaenda," au "Tunarudi," na mgeni lazima ajue yuko wapi kwa kelele. Baridi ya miguu nayo tumeiweka: ubao wa chini wa mbele, pale unyayo unapofika, nimeuacha mtupu bila kufumwa, na yeye akaomba niulowanishe kwa kitambaa kabla wageni hawajakaa. Wanaruka.

Reli imebaki mkono wa kulia chini ya kifuko, vijiti vilevile. Nundu zimekuwa ndogo kama choroko, nimezificha chini ya ukingo wa mbele kama mwalimu alivyosema, na nne kati yake zina karafuu ndani. Njuga ipo moja. Siwaambii iko wapi.

Sasa mgongo. Niliubakiza kwa sababu alikataa nisiuguse. Ile misuko, wa tatu kutoka kushoto, nilikosea upishano mmoja: wote unapita kulia juu ya kushoto, huo mmoja umepita kushoto juu ya kulia. Mimi nilikuja kuuona baada ya kumaliza, na ulikuwa unanikera kila nikipita uani. Nilipochukua mkasi akasikia mlio, akaja mbio akaweka kiganja pale pale. "Hapa usifumue. Hapa ndipo najuaga nimefika katikati." Nanasi lililoliwa, nilipaswa kukumbuka.

Baba hajakaa bado. Kakipapasa kwa fimbo.

Nina swali moja limebaki. Vifungo vya kifuko ni vya shati, vinamponyoka kidoleni na tundu linaanza kupanuka kwa kuvuliwa na kuvalishwa. Vifungo vikubwa vyenye ukingo napata wapi hapa Kigoma?

Sweta_za_Shule

Usinunue. Nenda kwenye marobota ya makoti ya mitumba, omba yale yaliyochanika ambayo hayauziki. Vifungo vyake ni vikubwa kama shilingi mia mbili, vingine vya mbao. Na tundu lizungushie mshono wa kroshia mistari miwili, kwa uzi wa nyavu.

Karabai

Vya mbao mimi nakuchongea, kutoka kwenye maboya ya zamani. Mwulize mtoto anataka matundu mawili au manne.

Mfumaji_Ujiji

Anasema kimoja mawili, kimoja matatu, kimoja manne. Ili ajue anaanzia wapi.